Komesi Akatoka Nje

Mzee Jotham Mwakapesile alifariki Jumanne alfajiri, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshapewa kazi ya kuandika historia yake.

Kwetu Kisondela, kijana aliyesomea umeme hupelekewa redio zilizokufa, na aliyesomea kilimo huulizwa kwa nini mparachichi wa jirani unapukutisha maua. Mimi nilisomea historia. Tangu nirudi kutoka chuoni, mwaka mmoja na nusu sasa, nimewaandikia marehemu kumi na wanne zile karatasi zinazosomwa kabla ya mazishi. Kila moja haizidi ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu mchungaji amesema ikizidi hapo mvua inatukuta makaburini. Sijawahi kukataa kazi hii. Naamini kila mtu anastahili kuandikwa vizuri, angalau mara moja.

"Lusungu, ile ya bibi Subilaga uliiandika vizuri," aliniambia Gwakisa, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amefika kutoka Mbeya mjini ambako ni afisa ugavi. Tulikuwa tumesimama chini ya turubai, na vijana walikuwa bado wanafunga kamba zake. "Ya baba iwe hivyohivyo. Ila nina maombi mawili. Usimwingize yule Mzungu wako. Na usiandike habari ya dirisha."

Mzungu wangu ni Komesi Erlebaldi. Komesi ni cheo cha zamani cha Wafranki, watu waliotawala Ufaransa na nchi za jirani miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Mfalme alimteua komesi akae sehemu fulani, asikilize kesi, akusanye askari vita vikija, na asimsumbue. Baba yangu huwaelezea majirani kwamba binti yake alisomea mkuu wa wilaya wa Ulaya ambaye hakuna anayemkumbuka, na maelezo hayo si ya uongo. Tasnifu yangu ya mwisho ilimhusu yeye na ukoo wake. Katika historia ya bibi Subilaga nilimtaja kwa sentensi moja tu, kwa kulinganisha, na baadaye waombolezaji wawili wakaniuliza alikuwa mkwe wa upande gani.

Habari ya dirisha inajulikana na kila mtu katika familia ile. Mwaka 2006 Gwakisa alimleta nyumbani mkewe, Jenifer, ambaye ni mtu wa Singida. Mzee Jotham alikuwa sebuleni. Aliposikia sauti ya mkamwana wake mlangoni, alivaa kofia yake, akafungua dirisha, akapita, akaenda kukaa kwenye migomba mpaka wageni walipoondoka. Jenifer aliuliza amekosea nini. Ikabidi aelezwe kwamba hakukosea. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na heshima ya aina hiyo: baba na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Siku hizi watu wengi wameiacha, na mzee Jotham mwenyewe, akiwa mzee wa kanisa, alikuwa akisema hadharani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Kisha akawa anapita dirishani.

"Sawa," nilimwambia Gwakisa. "Nipe familia."

"Ameacha mjane mmoja. Watoto sita, wa kiume wanne na wa kike wawili, mimi nikiwa wa kwanza. Wajukuu kumi na tisa." Akanitajia majina, nikaandika. Kisha akasema tena, bila mimi kuuliza, "Sita."

Niliinua macho.

"Kuna mtu anaweza kuja kukuambia vingine," alisema. "Usimsikilize. Mama ana miaka sabini na nane. Sitaki ajue kitu kipya juu ya mumewe siku ya kumzika."

Mtu huyo alikuja Jumatano asubuhi. Alikuwa Abeli, jirani yetu wa upande wa pili wa mfereji, mwenye chai kidogo na parachichi kidogo, umri miaka hamsini na kitu. Alikuja na beleshi. Alilisimamisha ukutani kwa uangalifu, akakaa kwenye ngazi yetu.

"Historia imefika wapi?" aliuliza.

"Imefika kuzaliwa."

"Kuzaliwa kwake au kuzaliwa kwa watoto wake?"

"Kwake."

"Basi sijachelewa." Akaangalia viatu vyake. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanza kuchimba kaburi. Mwenyekiti wa kitongoji ameniweka kwenye orodha ya wachimbaji. Wewe ni msomi, unajua. Kwetu mfiwa hachimbi."

"Najua. Majirani ndio wanachimba."

"Sasa mimi ni jirani au ni mfiwa?"

Nilimwambia sijui. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda Ikuti. Mama yake aliitwa Tulia, alikuwa mchuma chai. Yeye na Jotham walikuwa wachumba, mwaka 1969, lakini baba yake Jotham alikuwa ameshamchagulia mke mwingine. Tulia akarudi Ikuti kwa mjomba wake akiwa na mimba. Alimlea Abeli pale, na alipokuwa mkubwa akamwambia baba yake ni nani, akaongeza kwamba asiende kudai chochote. Abeli hakudai. Alihamia Kisondela mwaka 1992 kufanya kazi ya chai, akapata shamba karibu na mzee, akaoa.

"Mzee alijua wewe ni nani?"

"Alinifundisha kupogoa chai. Alinipa mche wangu wa kwanza wa parachichi. Nilipoezeka nyumba alipanda juu kunisaidia, na alikuwa na miaka sitini. Kusema, hakusema."

"Una karatasi yoyote?"

"Nina haya," alisema, akavua kofia. Masikio yake yalikuwa makubwa na yametoka nje, la kushoto zaidi ya la kulia. "Mama alisema ni ya kwake."

Niliyaangalia. Hayakuwa ushahidi ulioandikwa, lakini niliyaangalia kwa muda.

"Sitaki shamba lao," Abeli alisema. "Shamba ninalo. Nataka tu kujua kesho nishike beleshi au nisilishike. Nikilishika, basi nimeshasema kwa mikono yangu kwamba yule hakuwa baba yangu. Nisipolishika, na jina langu halijasomwa, watasema Abeli ni mvivu."

Nilimwambia nitajitahidi. Alichukua beleshi lake, akaenda.

Hapa sina budi kumrudia Erlebaldi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha namna ya kujitahidi. Maisha yake yote yanajulikana kutoka kwenye hati kumi na moja. Alikuwa komesi kwa miaka arobaini chini ya wafalme watatu, na wote watatu walimsahau mara kwa mara. Alioa mara mbili. Alikuwa na watoto watano, na aliwapa wote majina yanayoanza na kipande cha jina lake, kama ilivyokuwa desturi yao: Erlemundi, Erletruda, na kuendelea. Watawa wa abasia ya jirani waliwaandika kwenye kitabu chao cha watu wa kuombewa, baba juu na watoto chini yake. Watano.

Lakini palikuwa na mtu mwingine katika wilaya yake, mkulima wa ngano aitwaye Ragino, mgomvi wa mipaka. Hati tatu ni kesi za Ragino. Erlebaldi alisikiliza kesi za kila mtu, hata za shemeji zake, ila za huyu hakusikiliza. Ragino alipoingia barazani, komesi alimwachia kiti msaidizi wake. Karani ameandika mara zote tatu, kwa Kilatini kibovu, "komesi akatoka nje." Haelezi alikwenda wapi. Wataalamu wa zamani walidhani ni tumbo.

Mimi niliandika kwamba Ragino alikuwa mwanawe, wa nje ya ndoa, na kwamba sheria ilimkataza baba kumhukumu mwanawe. Mtu akimkwepa mtu mmoja tu, miaka yote, mbele ya karani, basi anasema kitu. Mwalimu wangu alinipa B. Pembeni aliandika, "Ushahidi mchache, huruma nyingi."

Alasiri ile nilikwenda kwa mzee Andongwisye kutafuta tarehe. Alikuwa katibu wa wazee wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja, na anayo madaftari yake yote, yamepangwa kwenye sanduku la bati juu ya matofali ili unyevu usiyafikie. Nilimsalimia, nikamwambia nataka ubatizo wa marehemu, kipaimara na ndoa.

"Gwe Lusungu, tena wewe," alisema. "Watu wakifa unapata kazi. Kaa."

Ubatizo tuliupata, na ndoa pia, mwaka 1972. Kisha, nikifunua daftari la mwaka 1997 kutafuta lini aliteuliwa mzee wa kanisa, nikaona jina lake mahali pasipo pake. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha suluhu, mwezi wa sita. Nilinakili:

"Mzee Jotham na mama Monica, mke wa ndugu Abeli. Majirani wamelalamika kwamba mzee hamsalimii mama huyu, na akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Inasemekana sababu ni ng'ombe wa mama Monica aliyekula maharage ya mzee. Mzee ameulizwa kama ana ugomvi. Amejibu hana. Ameombwa amtazame mama na ampe mkono. Amegeukia ukutani. Ameombwa tena. Ameendelea kutazama ukuta. Kikao kimefungwa kwa sala."

Nilisoma mara mbili. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, na mzee Andongwisye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutafuna.

"Babu," nilisema, "wewe ulielewa?"

"Nilikuwa katibu. Niliandika nilichoona."

"Na ulichofikiri?"

"Nilichofikiri hakikuwa kwenye ajenda."

"Sasa hivi hakuna ajenda."

Alifunga daftari, akalifuta jalada kwa kiganja. "Nilifikiri ng'ombe hana hatia," alisema.

Kutoka kwake nilipita kwa Abeli. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kupeleka kuni msibani. Monica alikuwa jikoni anamenya ndizi, nazo pia zilikuwa za msibani. Monica ni Mkinga, alikuja kutoka Makete akiwa msichana kuchuma chai, na Kinyakyusa chake mpaka leo ni cha kuombea chumvi. Nilimuuliza alikuwa anapatana vipi na marehemu.

"Mgongo wake naujua vizuri," alisema. "Kanisani alikaa mbele, nikauona mgongo. Njiani aliingia kwenye migomba, nikauona mgongo. Nilipojifungua Anyitike alileta maziwa kila asubuhi mwezi mzima. Aliyaweka kwenye jiwe lile, anakohoa, anaondoka. Nikitoka, mgongo."

"Ulidhani anakuchukia?"

"Nilidhani ni yale maharage. Ng'ombe wangu aliyala kweli, sikatai. Lakini nilisema moyoni, huyu mzee ana hasira ndefu, na bado analeta maziwa. Nikamwachia Mungu." Alitupa ganda kwenye ndoo. "Miaka thelathini na mmoja. Uso wake sijawahi kuuona vizuri. Na kesho nitauona nikiwa kwenye foleni ya majirani."

"Abeli hakukuambia kitu kingine?"

"Aliniambia ni baba yake. Nikamwambia baba gani anamchukia mkamwana wake hivi. Hatukuongea tena."

Sikumweleza. Nilikuwa na dhana, na nilikuwa nimeshajifunza kwa B ile kwamba dhana haisomwi msibani bila mtu wa kuithibitisha. Aliyebaki wa kuithibitisha alikuwa mmoja, na Gwakisa alikuwa amenikataza kumgusa.

Alhamisi niliamka mapema. Nilipopita makaburini wachimbaji walikuwa wameshaanza. Abeli alikuwa pembeni na beleshi lake, amesimama. Wengine walikuwa wanamtania kwamba analisubiri lichimbe lenyewe. Aliponiona alinyanyua kidevu, kuuliza. Nilitikisa kichwa, maana yangu ilikuwa "bado." Yeye alielewa "hapana." Nilikuwa nimeshafika kwenye mgomba wa kona nilipogeuka na kumwona anashuka shimoni.

Nikatembea haraka.

Bibi Atupokile, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka chumba cha ndani, amejifunga khanga mbili, ameegemea ukuta. Wanawake walikuwa wamejaa. Jenifer alikuwa kando yake na kikombe cha uji, anambembeleza anywe. Nilipiga magoti, nikamsalimia, nikampa pole. Njia nzima nilikuwa nikitafuta swali ambalo lisingemuumiza na lisingekuwa lile nililokatazwa. Sikuruhusiwa kuuliza habari za watoto. Nikauliza habari nyingine.

"Bibi, naandika historia ya mzee. Naomba unisaidie kitu kidogo. Mzee alikuwa na wakamwana wangapi?"

Jenifer alinitazama. Nje ya mlango nilimsikia Gwakisa akiongea na simu kuhusu jeneza, kisha nikamsikia ananyamaza.

Bibi Atupokile alinyoosha vidole. "Huyu Jenifer. Mke wa Emmanuel. Mke wa Simon. Mke wa Jackson." Alibaki na kidole gumba. "Na yule Mkinga."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua mchele aliacha.

"Watano," nilisema.

"Watano."

"Wana wa kiume nimeandikiwa wanne, bibi."

"Sikuulizwa wana. Nimeulizwa wakamwana." Akachukua kikombe kwa Jenifer, akanywa uji wake kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Gwakisa alikuwa ameshaingia, na simu bado mkononi. "Mama," alisema. "Wewe ulijua?"

"Nani alikuwa anafua suruali zake?" bibi alisema. "Mtu akiingia kwenye migomba yenye mvua mara tatu kwa siku, suruali inasema. Wakamwana wa watu wengine aliwapa mkono, akawauliza habari za nyumbani. Akikutana na wa kwake, porini. Mimi ni Mnyakyusa, baba. Sikuhitaji kuambiwa."

"Mbona hukusema?"

"Wa kusema alikuwa yeye. Na alisema. Alisema kwa miguu, kila siku. Ninyi mkasema ni ng'ombe."

Jenifer alikuwa amefunika mdomo. "Mama, kwa hiyo na Monica alikuwa anakimbiwa?"

"Kuliko wewe. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi tu. Yule alikimbiwa saa zote."

"Na mimi miaka yote nadhani niko peke yangu," Jenifer alisema. "Wenzangu wale waliolewa wanaijua desturi. Mimi nilikuwa nalia bafuni."

Gwakisa alikuwa amesimama katikati ya mikeka na viatu vyake vya mjini, jambo ambalo siku nyingine mama yake asingeliruhusu. Nilitegemea aseme juu ya kanisa, au watu watasemaje. Alisema, "Kwa hiyo mimi si wa kwanza."

Ana miaka hamsini. Amekuwa wa kwanza muda wote huo: alipeleka wadogo zake shule, alisaini fomu zote za hospitali, aliongea kwenye kila harusi. Nadhani hata namna anavyotembea ni ya mtoto wa kwanza. Niliona namna jambo hilo lilivyomshukia, na nilitamani niwe na kitu cha kumpa. Erlemundi, mkubwa wa watoto wa Erlebaldi, hakuna anayejua kama aliwahi kuambiwa.

"Wewe ni wa kwanza wangu," mama yake alimwambia. "Hiyo haifutiki. Sasa nenda kamtoe mwenzio shimoni, mfiwa hachimbi."

"Yuko shimoni?"

"Ameshuka sasa hivi," nilisema. "Kosa ni langu. Nilitikisa kichwa vibaya."

Gwakisa alitoka. Nilimfuata kwa mbali, na Jenifer nyuma yangu, na nyuma ya Jenifer wanawake ambao hawakuitwa. Njia ilikuwa tope tupu. Alifika makaburini viatu vikiwa vimegeuka rangi. Wachimbaji waliacha kazi. Abeli alikuwa ndani mpaka kwenye magoti.

"Toka humo," Gwakisa alisema.

Abeli aliegemea beleshi. "Nimekosea nini?"

"Unachimba kaburi la baba yako. Watu wanaona."

Abeli hakutoka. Alimtazama Gwakisa, akatutazama sisi, akanitazama mimi.

"Nani kasema?"

"Mama kasema. Mzee naye kasema, tangu zamani. Alikuwa anamkimbia mkeo kama alivyomkimbia wangu." Gwakisa akanyoosha mkono. "Toka, kaka. Nina shughuli nyingi."

"Nilijua ni ng'ombe," Abeli alisema taratibu. "Nilimuuza yule ng'ombe. Nilimuuza mwaka ule ule, na mzee akaendelea kuingia kwenye migomba. Nikasema basi ana kinyongo hata na alama za kwato zake." Alishika mkono, akapanda. Wakasimama wameshikana mikono, wote wawili wakiwa hawajui nani aachie kwanza.

"Na udongo aliokwisha kuutoa?" aliuliza mmoja wa wachimbaji, mtu mwembamba aliyekuwa amemtania zaidi. "Turudishe, tuuchimbe upya wenyewe?"

"Ulikuwa mabeleshi mangapi?" aliuliza mwingine.

"Kama thelathini."

"Rudisha thelathini. Tusiwe na deni na marehemu."

Wakarudisha. Nilidhani wanatania, lakini waliuhesabu kwa sauti mpaka thelathini, kisha wakaanza kuutoa tena.

Nilikimbia nyumbani kuandika upya. Ukurasa ulikuwa umejaa, kwa hiyo kuongeza mtoto mmoja, mkamwana mmoja na wajukuu watatu ilinibidi nipunguze mambo mengine. Nilitoa kozi ya ufugaji nyuki ya mwaka 1985. Erlebaldi nilikuwa nimemficha kwenye aya ya tatu, sentensi moja tu, bila jina. Nikamtoa na yeye. Sikuona kama atajali. Ameshazoea.

Ibada ilianza saa nane, mawingu yakiwa yameshashuka mpaka kwenye migomba ya juu. Gwakisa alisoma mwenyewe. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, kazi ya unyapara kiwandani, uzee wa kanisa. Alipofika kwenye familia alisimama, akapangusa miwani ambayo haikuwa na kitu.

"Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto saba," alisoma. "Abeli. Gwakisa." Kisha wengine.

Watu waligeuka kumtazama Abeli, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la Emmanuel lililombana mabegani. Alikuwa anatazama chini, lakini masikio yake yalionekana na kila mtu. Nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Sasa mimi hayo masikio nimeyaona kila Jumapili, na sikusema kitu." Mwenzake akamjibu, "Ungesema nini? Masikio?" Mzee Andongwisye alikuwa amefungua daftari jipya magotini. Alikuwa anaandika.

Wakati wa kuaga, bibi Atupokile aliinuka kabla mshereheshaji hajaita foleni. Alimshika Jenifer mkono wa kulia. Kisha akatazama kwenye upande wa majirani mpaka alipomwona Monica, akamwita kwa kidole, kama unavyomwita mtu wa nyumbani. Monica alikuja akiwa anafuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu. Wale wakamwana wengine watatu wakafuata.

Jeneza lilikuwa limefunguliwa. Bibi aliwasogeza wote watano mpaka karibu, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, mwangalieni," alisema. "Leo hana dirisha."

Walimwangalia. Monica aliinama kuliko wenzake. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba mchungaji aliangalia saa, kisha akaangalia mawingu.

"Kumbe," Monica alisema. Akageuka akamtazama Abeli, akarudi kumtazama mzee. "Hata la kushoto."

Jenifer alikuwa na kitambaa mkononi, na hakukitumia. "Shikamoo, baba," alisema.

"Shikamoo, baba," alisema Monica.

Tulinyamaza kidogo, sijui tukisubiri nini. Tone la kwanza likagonga turubai, na mshereheshaji akaomba foleni isogee.